Nilimchora mtani wangu akiwa maiti, leo binti yake anaitaka ile picha

Admin, nifichie jina, maana Songea ni mji mdogo na wahusika wengine bado nasali nao. Mimi ni mwanaume wa miaka 59, Mhehe niliyeletwa huku nikiwa mdogo, baba alipohamishiwa kikazi. Nina mke, watoto wakubwa, na picha moja nimeifunga shuka nyuma ya kabati. Mke wangu hajawahi kuifungua.

Miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mtu akawa na duka, nilikula kwa kuchora mabango: vichwa vya kinyozi, sabuni, chupa za soda. Rafiki yangu nitamwita Kasiani, Mngoni wa Matogoro, fundi wa sura za watu. Akikutazama mara moja sokoni, kesho yake anakuletea uso wako pamoja na kovu ulilokwisha kulisahau. Mngoni na Mhehe ni watani, hilo mnalijua. Akiniona kwa mbali anaita, kama Wahehe wote tunavyotaniwa, "Mla mbwa huyo anakuja." Na mimi namjibu, "Siku ukifa mji utapumua."

Tukajikusanya wachoraji wanne tufanye maonyesho kwenye ukumbi wa parokia. Mwalimu mmoja alileta milima ya Matogoro kwa rangi za maji, imefifia vizuri. Sista mmoja alileta watakatifu wenye macho makubwa. Kasiani alileta sura zake. Mimi mtu wa mabango niliona nitachekwa, nikasema heri niwachekeshe mwenyewe. Nikamchora Kasiani amelazwa mkekani, pamba puani, mishumaa miwili, na chini kwa herufi za dukani: HATIMAYE MNGONI AMENYAMAZA.

Ukumbi mzima ulicheka. Kasiani alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. "Mtani, pua umenipunja," akaniambia. Mama yake tu ndiye hakucheka. Aliitazama, halafu akanigeukia. "Mwanangu, utani tunaufanya kwa mdomo, unapita. Wewe huu umeuacha ukutani."

Sikujua kwamba rafiki yangu alikuwa anaumwa kifua. Alituficha wote. Miezi miwili haikuisha, akafariki. Niliingia ndani kumuaga nikamkuta kwenye mkeka, pamba puani, hata kichwa kimeinamia upande ule ule niliouchora. Mtani msibani kazi yake ni kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke kidogo. Watu walinisubiri. Nilisimama pale nikashindwa hata kufungua mdomo.

Baada ya mazishi mama yake aliniambia, "Kile kitu kachome." Nikarudi siku ya tatu nikamwambia nimechoma. Nilidanganya. Nilikitoa uani, nikamwagia mafuta ya taa, kiberiti mkononi, nikashindwa. Niseme ukweli wote, ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Naona aibu kuandika hivyo.

Mama yule sasa ni marehemu. Mwezi uliopita amenijia binti wa Kasiani, anaishi hapa hapa mjini, Msamala. Baba yake alipokufa alikuwa bado yuko tumboni. "Shikamoo baba mdogo. Mwalimu ameniambia uliwahi kumchora baba, na ukumbi mzima ulicheka. Naomba nimwone nami nicheke." Yule mwalimu wa milima amezeeka, anakumbuka kicheko tu. Picha zao za familia ziliungua na nyumba ya bibi yake, na Kasiani alichora sura za mji mzima, yake hakuwahi kuichora. Binti ameshapigilia msumari sebuleni kwake.

Nilimwomba anipe muda. Nimejaribu mara tatu kumchora upya akiwa hai, anatabasamu. Kila nikimaliza naona maiti iliyofumbuliwa macho. Ule uso mwingine, wa sokoni, wa kuniita mla mbwa, umenitoka kabisa. Nafumba macho kuutafuta, unakuja wa mkekani. Nimeogopa, jamani. Naona kama nilimuua mara ya pili.

Jumapili baada ya misa anakuja kuichukua. Ninyi mliolelewa bila baba ndio hasa nawauliza: nimpe baba yake akiwa maiti niliyoichekea, au nimwambie niliichoma, asimwone milele?