Treni ya Msamala Inasimama

Mwanzi mbichi ukiupitisha juu ya makaa hutoa harufu tamu kidogo, kama muwa ulioungua, kisha hulegea na kukubali kupindwa. Wiki iliyopita nilichutama uani kwetu Msamala, hapa Songea, nikimpindia reli mtoto wa mdogo wangu Kasto, na harufu ile ikanirudisha moja kwa moja kwenye ugomvi wangu na mtu mzima. Niwaambie ukweli, ugomvi huo sijautubia mpaka leo.

Nilikuwa na miaka kumi, Kasto minne. Bibi alikuwa amepasuliwa hospitalini Mbesa na Mama akalazimika kwenda kumuuguza. Tulimsindikiza barabarani. Basi la kwanza likapita limejaa. Mama kanyoosha mkono weee, konda hata hakugeuka. Alipanda la pili, lakini Kasto alishaona. Tangu siku hiyo kila kukicha swali lilikuwa moja: Mama akitaka kurudi na basi likampita, itakuwaje? Uji akawa anausukuma pembeni. Baba alimwambia Mama atarudi tu, lakini hiyo "tu" haikumtosha Kasto.

Basi nikamwambia Mama atarudi kwa treni. Sijui ujasiri niliutoa wapi, maana Songea hatuna reli, na treni nilikuwa nimeiona kwenye kitabu cha shule peke yake. Nilichora njia kwa kijiti kwenye udongo mwekundu wa uani: kutoka mlango wa jiko, kuzunguka mgomba, kupanda kilima cha mchanga uliobaki wa ujenzi, hadi kwenye karo. Jikoni palikuwa Msamala, mgombani Hanga, karoni Mbesa. Reli zilikuwa fito za mwanzi, mabehewa makopo matatu ya samaki, na magurudumu niliyakata kwenye ndala ya Baba ambayo, nakiri, ilikuwa bado nzima. Kona ya kwanza niliikunja kama kiwiko, makopo yote yakalala chali. Nikaipinda upya juu ya makaa, pana zaidi, mpaka yakapita. Kila hatua tano za Kasto nikasimika kijiti: hapo, anayenyoosha mkono anapandishwa. Mimi nilivuta kamba, Kasto akawa konda. Uji ukaanza kunyweka.

Jirani yetu alikuwa mwalimu aliyehamia kutoka Tabora, na baba yake alifanya kazi reli. Alisikia vicheko akaja kuegemea uzio. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akaanza kutukosoa. Treni haina konda wa kuning'inia mlangoni. Reli haziwekwi juu ya udongo mtupu, hulazwa juu ya mataruma, yale magogo ya kuzishikilia zisitanuke. Na kilima kile, treni gani ingekipanda? Yote hayo niliyameza. Ndipo akacheka.

"Halafu treni haimsimamii mtu njiani eti kwa sababu kanyoosha mkono," akasema. "Inampita."

Kasto akaachia kopo. Hakumtazama mwalimu, alinitazama mimi.

"Dada, itampita Mama?"

Nikasimama na kamba yangu mkononi.

"Hiyo ni ya kwenu Tabora," nikamwambia mwalimu, kwa sauti ambayo mtoto haruhusiwi kuitumia kwa mkubwa. "Ya Msamala inasimama."

Baba alinisikia kutoka ndani. Jioni ile ile alinishika mkono hadi kwa mwalimu nikaombe radhi. Nikaomba, kwa kupaza sauti. Mwalimu akaniuliza kama sasa nitaving'oa vile vituo. Nikasema hapana, shikamoo, nikatoka. Mataruma lakini niliyaweka, ya mabua ya mahindi, maana hapo alinishinda kwa haki.

Mama alirudi wiki ya tatu, kwa basi, miguu imevimba na mzigo kichwani. Kasto hakumpa hata nafasi ya kunywa maji. Alimvuta mpaka karoni, akamwambia anyooshe mkono. Mama akanitazama, haelewi. Nikamsihi kwa macho. Akanyoosha. Nikaisimamisha treni mbele ya vidole vyake vyenye vumbi, na Kasto akatangaza kwamba nafasi ipo. Siku hiyo alikula ugali mpaka akasinzia na tonge mkononi.

Miaka mingi baadaye nilipanda treni ya kweli. Katikati ya pori, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisimama kando ya reli, mkono juu. Tukampita. Nilimwangalia mpaka akapotea, na hapo nikaelewa kwamba mwalimu alisema kweli tupu. Nikaelewa pia kwamba siku ile sikuwa nabishania treni hata kidogo. Nilikuwa namtaka Mama yangu kama Kasto alivyomtaka, ila mimi nilikuwa dada mkubwa, na dada mkubwa hakuna anayemuuliza.

Reli mpya nimeimaliza jana. Kasto alikuja kuikagua, akavihesabu vijiti vya vituo, akasema nimesahau kimoja. Nikakisimika. Uzio upo palepale. Anayetaka kucheka aje aegemee.