Kitabu Kilichopita Masikioni mwa Bi Nukta

Ukimkuta Bi Nukta kazini utadhani amelala. Amekaa wima, macho kayafumba, hedifoni kichwani, vidole vimetulia juu ya kibodi. Usijidanganye. Mguse bega uone atakavyokujia juu: "Umenikata katikati ya sentensi!"

Kazi yake ni kusikiliza vitabu kabla watu wengine hawajavisikiliza. Katika chumba cha nyuma cha maktaba, chenye dirisha moja na meza mbili, mwenzake hufungua kitabu chini ya skana na kukipiga picha, anafunua, anapiga, anafunua, anapiga, kutwa nzima. Ndiyo maana wakamwita Kipepeo, ingawa mwili wake ni wa mbeba magunia. Kompyuta inazigeuza zile picha kuwa maandishi, na hapo ndipo vituko vinapoanza, kwa sababu kompyuta husoma kama mtu aliyesahau miwani nyumbani. Herufi inaiona tarakimu, doa la wino inalifanya mkato, maneno mawili inayabana yakawa moja.

Kitabu cha namna hiyo hakiwezi kupelekwa kwa msomaji asiyeona, anayetegemea kisoma skrini, ile programu inayotamka kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kompyuta. Kwanza lazima kipite kwa Bi Nukta. Yeye mwenyewe haoni tangu akiwa na miaka thelathini na moja, siku alizokuwa mpiga taipu wa ofisi moja yenye makarani wengi na mashine chache. Anakisikiliza chote, neno kwa neno, nukta kwa nukta, na kila nukta anataka itamkwe. Jina lilimpata hapo.

Sauti ameiweka kasi ambayo wewe na mimi tungeambulia mvumo tu. Mdogo wake anayeishi naye, fundi wa kushona, huiita sauti ile shemeji.

"Dada, huyu shemeji leo hajameza hata mate," humwambia siku akileta kazi nyumbani.

"Afadhali yeye. Wateja wako husema polepole kwamba watalipa kesho, na ni uongo."

Sasa sikiliza jambo moja kuhusu namna yake ya kufanya kazi, maana kisa chote kimekaa hapo. Jicho likifika chini ya ukurasa huiruka namba bila kujua. Sikio haliruki. Unasikiliza kisa kitamu, bwana anamshika mkono bibi, ghafla sauti inatamka tisini na nne, kisha anamwambia anampenda. Wasikilizaji wanachukia mno. Kwa hiyo kila kitabu kipya kilipofika, Bi Nukta aliiamuru kompyuta ifute namba zote za kurasa kwa mkupuo mmoja kabla hajaanza kusikiliza. Kazi hiyo mwenyewe aliiita kufagia uwanja. Alifagia miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo hakurudishiwa kitabu hata kimoja. Hilo alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alasiri moja simu yake ikaita. Alikuwa mwanafunzi wa ukandaji, kijana asiyeona anayejifunza kukanda viungo vya wagonjwa. Mwezi mmoja nyuma Bi Nukta alikuwa amekipitisha kitabu chao kikubwa cha chuo, na tangu hapo kijana alizoea kumpigia amsikilize akijikumbusha masomo.

"Shikamoo shangazi. Una dakika kumi? Mtihani kesho asubuhi."

"Marahaba. Haya, nisomee."

Kijana akatiririka. Mabega, mgongo, kiuno. Alipofika miguuni akasema, "Mlaze mgonjwa, shika kifundo, pima uzito wa mguu kwa kiganja mpaka mgonjwa atulie. Kisha anza kukanda shavu la mguu, kutoka chini kwenda juu."

"Ngoja. Na mguu ukiwa umevimba?"

"Unakanda polepole, nadhani."

"Usinipe nadhani. Umevimba mmoja tu, una moto, unauma. Kitabu kinasemaje?"

"Hakisemi kitu, shangazi."

Bi Nukta akavua hedifoni. Miaka sita nyuma, baada ya kupasuliwa, mguu wake wa kushoto ulivimba hivyo hivyo, na mdogo wake akaja na mafuta ya kuuchua. Muuguzi alipiga kelele mpaka wodi nzima ikageuka. Huo mguu haukandwi! Damu ikiwa imeganda ndani, ukiikanda unaweza kuisukuma ikaenda kuziba mapafu. Kitabu kizima cha kukanda hakiwezi kukosa hilo.

"Nitakupigia," akasema. "Usilale kabla sijakupigia."

Akaifungua nakala ghafi, ile ambayo haijafagiwa, akaishusha sauti mpaka kasi ya watu wa kawaida. Sauti ikasoma habari ya kifundo, mgonjwa akatulia, nukta. Mia na kumi na moja. Kisha anza kukanda. Akasogea mbele ukurasa mmoja. Mia na kumi na nne.

Akarudia. Namba zile zile.

Sentensi zilikuwa zimeungana vizuri, kama ubao uliorandwa na seremala hodari. Hakuna sikio ambalo lingekwama pale. Kitu pekee kilichokuwa kikipiga kelele ni zile namba, na namba alikuwa amezifuta kwa mkono wake. Wazo lilimpitia, tusimfanye malaika, kwamba angeweza kumwambia kijana lile la mguu kama ushauri tu wa shangazi, na kitabu kikaendelea na safari yake. Watu kumi na wanne walikuwa wameshatumiwa, na hakuna aliyelalamika.

"Kipepeo," akaita. "Kile kitabu cha chuo kimesharudishwa?"

"Kimo kwenye boksi, kinasubiri gari. Kwani?"

"Nifungulie mia na kumi na mbili."

Kipepeo akakitafuta, akafunua. Halafu zikasikika kucha zikibandua karatasi taratibu.

"Loo. Kuna mtu kamwagia chai yenye sukari. Mia na kumi na mbili na mia na kumi na tatu zimeshikana kama maharusi. Nilifunua mbili nikijua moja."

"Kuna nini humo?"

"Kichwa cha habari kinasema, Mgonjwa Usiyepaswa Kumgusa." Akavuta pumzi. "Bi Nukta, hili kosa langu."

"Lako namba zilikuwa zikilitangaza. Mimi ndiye niliyezifuta. Lete kiti, usome."

Akampigia kijana, naye akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Bi Nukta hakuzunguka. "Mwanangu, kitabu nilichokupa kina shimo. Kurasa mbili, na ni za hatari. Nilipaswa kujua, sikujua. Kaa usikilize."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

"Shangazi, nimekishika chote kichwani. Kuna mashimo mengine?"

Swali hilo lilimchoma kuliko tusi. "Nitajua baada ya saa moja, na nitakwambia kweli. Sasa sikiliza."

Kipepeo akasoma, akikwama kwenye majina ya mishipa. Uvimbe wa upande mmoja, usiguse. Ngozi yenye moto, usiguse, mpeleke hospitali.

"Mjomba, ongeza mwendo kidogo," kijana akasema. "Unanisomea kama natembelea magongo."

"Mimi ni binadamu, bwana, sina kitufe!"

Bi Nukta akacheka kwa mara ya kwanza tangu simu ilipoita. Kisha akahesabu namba zote za kitabu kile, moja baada ya nyingine, mpaka mia tatu na nane. Hapakuwa na shimo jingine. Akampigia kijana akamwambia, halafu akawapigia wale wengine kumi na watatu, kila mmoja na salamu zake, kila mmoja akimwambia maneno yale yale bila kuyapaka sukari. Mmoja alimkemea vilivyo. Akaitikia, "Una haki." Siku hizi namba ndizo anazifuta mwisho, baada ya kuzisikiliza zote.

Wiki iliyofuata kijana akapiga.

"Nimepita, shangazi. Miguu hata hawakuniuliza, maswali yote yalikuwa ya mgongo tu."

"Hongera, mwanangu."

"Lakini leo amekuja mzee mmoja chumba cha mazoezi. Mguu mmoja mzito, unachemka. Nikamwambia simgusi, aende hospitali sasa hivi. Akanuna kweli. Eti vijana wa siku hizi wavivu."

Bi Nukta akaishika simu kwa mikono miwili. "Akaenda?"

"Binti yake alimkokota. Bado sijapata habari."

"Ukipata niambie," akasema, na simu hakuikata mpaka kijana alipoikata yeye.