Kiganja Juu ya Daftari

Mwalimu wa mwaka wa tatu alikuwa akisifu daftari la binti yangu. Hakuna doa, herufi zimekaa sawa kama maharage yaliyochaguliwa. Lakini mitihani ilipomshinda miaka miwili mfululizo, mwalimu yuleyule aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mkaidi. Simtaji jina, anajijua. Ndiye aliyemhamishia benchi la mwisho, kando ya mlango, akamsahau huko.

Mimi nilimpiga binti yangu kwa huo ukaidi. Hilo nalo niliandike.

Siku moja nilikuwa nachagua maharage uani, yeye ananisomea somo la kisima, kidole kikitembea kwenye mstari. Bila kuangalia nikatua ungo juu ya daftari lake. Akaendelea kusoma mpaka mwisho, hakukosa neno. Kumbe somo lote lilikuwa kichwani. Darasani wanaitikia mwalimu kwa pamoja, watoto watano benchi moja, na mwenye masikio mazuri hahitaji macho.

Asubuhi yake nikafunga kitenge cha kanisani, nikamshika mkono, tukaenda kwa direkteri wa shule.

"Mama, atarudia mwaka tu."

"Amerudia mara mbili. Kuna kituo wanapima watoto, waone namna gani mutoto anajifunza. Bila karatasi ya shule hawamupokei. Mi nataka hiyo karatasi."

"Hapa apana hospitali. Na we mama, ulisoma mpaka wapi?"

"Mwaka wa tatu. Mpaka siku walichoma shule."

Akatazama dirishani. Walioichoma walikuwa vijana wa mtaa wetu wa Kamenge, niliwaona sura. Mmoja hunisalimia mpaka leo, nami namjibu kwa kuwa njia ni moja. Mimi shule nilinyang'anywa kwa moto. Binti yangu alikuwa anaikosa akiwa amekaa ndani yake.

Nikafungua daftari mezani, kwenye somo lile la kisima. "Somea direkteri."

Akasoma vizuri. Direkteri akaanza kutabasamu. Nikafunika ukurasa kwa kiganja. Binti akaendelea vilevile, kidole chake kikitembea juu ya vidole vyangu.

Tabasamu likaisha. Nikaondoa mkono. "Sasa umuulize neno la maji liko wapi."

Akamuuliza. Mtoto aliinamia ukurasa, kidole kikizunguka bila kutua popote, kisha akaniangalia mimi, kama mtu aliyeuzwa na mama yake. Jicho lile bado ninaliona.

"Murudi Jumatatu," direkteri alisema, sauti imeshuka.

"Apana. Tuko hapa."

Nikakaa, nikampakata binti yangu ingawa ni mkubwa. Wazazi wengine walichungulia mlangoni, wakarudi nyuma. Mwishowe direkteri akavuta karatasi, akaandika, akagonga muhuri, akaninyooshea.

Sikuipokea. "Unisomee kwanza. Na kidole, nione kila neno."

Alinitazama aone kama nacheza. Kisha akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma.