Hatua ya Kumi na Sita

Zamani fundi wa ngazi alipiga hesabu kwanza ndipo akachanganya zege. Siku hizi zege huchanganywa kwanza, na hesabu huja baadaye, kama askari wa barabarani, watu wakiwa wamekwisha kuumia.

Fundi waliyemwita Gawanya alikuwa wa zamani. Shule aliiacha darasa la nne, baba yake alipofariki, akaenda kubeba kokoto kwenye majengo. Kujumlisha na kutoa alikuwa nako. Kugawanya walikuwa hawajafika. Akajifundisha mwenyewe saa za mapumziko, kwa penseli ya seremala, juu ya karatasi za mifuko ya saruji, akikosea na kuanza upya, hata wenzake wakampa jina hilo kwa dhihaka. Jina likamganda. Miaka arobaini baadaye wenye vyeti walikuwa wakituma mtu: kamwite Gawanya, hapa kuna ngazi.

Ngazi si kazi ya kubahatisha. Kimo kutoka sakafu ya chini hadi ya juu lazima kigawanywe katika hatua zilizo sawa, pasibaki salio. Mguu wa binadamu hupima. Ukishapanda hatua mbili tatu, mguu umekariri, na tangu hapo hauulizi macho. Hatua moja ikizidi vidole viwili, utajikwaa hata uwe na macho ya mwewe. Kwa hiyo Gawanya alikata ufito ulingane na kimo chote, akautembezea bikari iliyotanuliwa kimo cha hatua moja, kutoka chini hadi juu. Ncha isipotua mwisho kabisa, aliibana bikari kidogo au kuitanua, akarudi chini. Wapita njia walimcheka, mtu mzima anacheza na fimbo. Baada ya nusu saa ufito ulikuwa na alama zote, na ngazi ilifuata ufito.

Mwanagenzi wake wa mwisho, mtu mzima mwenye mke, alijulikana kwa jina la Fasta. Yeye aliona bikari ni mambo ya makumbusho. Alikuwa na simu, na simu hugawanya kufumba na kufumbua.

“Mzee wangu, dunia inakimbia,” alimwambia siku ya kuagana.

“Ikimbie tu. Anayejikwaa ni anayekimbia.”

Hawakuonana kwa miaka saba.

Kilichowakutanisha ni barua. Mjukuu wa Gawanya, binti wa sekondari aliyekuwa akiishi naye, alirudi nyumbani adhuhuri moja mkono wa kulia ukiwa na plasta hadi kiwikoni. Shule yao ilikuwa imehamia jengo jipya la ghorofa, naye alianguka mwisho wa ngazi akiwa amebeba tufe la dunia la mwalimu wa jiografia. Tufe nalo lilipasuka. Barua ilisema mwanafunzi alikuwa akikimbia; asirudi darasani mpaka akiri, na mlezi wake atie sahihi. Mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili.

“Ulikimbia?” babu akauliza.

“Babu, nimekumbatia dunia nzima kifuani, nitakimbiaje?”

“Ukikiri unarudi kesho.”

“Basi tia sahihi wewe. Mimi sikukimbia, na sitasema nimekimbia.”

Gawanya alimtazama. Kichwa kile kigumu alikifahamu. Alikuwa akikinyoa kila asubuhi kwenye kioo chake mwenyewe. Alikunja barua, akachukua tepu yake ya kupimia.

“Nenda kanawe uso. Tunakwenda kuiona hiyo ngazi.”

“Na hesabu zako tena,” binti akanung’unika. “Babu, mimi nataka kuwa mtangazaji wa redio. Redioni nani atanipimisha ngazi?”

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa juu. Gawanya alipanda polepole, mkono kwenye ukuta. Hatua ya kwanza mguu ulishuka zaidi ya alivyotarajia, kama anayeketi kwenye kiti kifupi. Akasema hm. Zilizofuata zilikwenda vizuri. Ya mwisho, ile ya kuingia sakafu ya juu, ilimgonga kidole gumba, na mzee akaingia ghorofani kwa magoti na viganja.

“Babu, nawe ulikuwa unakimbia?” mjukuu akauliza.

Palepale chini alipokuwa, babu alivuta tepu, akamwita asome namba. Sentimita ishirini na mbili. Wakashuka, wakipima zote. Za katikati, kumi na nane kila moja. Ya kwanza, kumi na nne.

Mwalimu mkuu, mwanamke nadhifu wa maneno machache, aliwasikiliza akiwa amesimama, walipopanda tena hadi ofisini.

“Mzee wangu, tangu tuhamie wameanguka sita. Wote pale juu. Watoto hawa hawatembei, wanaruka.”

“Mwalimu, wangekuwa wanaanguka kwa kukimbia, mmoja angeanguka chini, mwingine katikati, mwingine mlangoni. Sita mahali pamoja si mbio. Ni mahali.”

Mwalimu mkuu akatuma mtu kumwita fundi, aliyekuwa nyuma ya jengo akimalizia vyoo. Fundi akaingia na vumbi lake. Alikuwa Fasta. Alipomwona Gawanya alivua kofia.

“Shikamoo, Mzee wangu.”

“Marahaba. Kumbe ndiwe. Kimo cha ngazi ni kiasi gani?”

“Mita mbili na sentimita themanini na nane. Hatua kumi na sita. Kumi na nane kila moja.” Alifungua simu, akamwonyesha mwalimu mkuu. “Hesabu hii hapa, madamu.”

Na hesabu ilikuwa sahihi. Mwalimu mkuu alimgeukia mzee kama anayesema, unaona sasa?

“Ulipima kutoka wapi?” Gawanya akauliza.

“Kwenye zege. Ningepima kutoka wapi tena?”

“Baada ya zege ulimwaga nini?”

Fasta aligusa vigae vya ofisi kwa ncha ya kiatu.

“Sakafu ya saruji na vigae,” akasema mwishowe. “Sentimita sita. Chini na juu.”

“Na kwenye vipandio vya ngazi, pale mguu unapotua?”

“Vigae tu. Mbili.”

Gawanya alimsukumia mjukuu wake karatasi ya barua, upande mweupe. Binti aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikilala kama walevi.

“Chini sakafu imepanda sita, kipandio kimepanda mbili,” akasema polepole. “Kwa hiyo hatua ya kwanza imepungukiwa na nne. Kumi na nne. Juu, sakafu imepanda sita, na kipandio ninachotokea kimepanda mbili tu. Imezidi nne. Ishirini na mbili.” Akainua uso. “Nne iliyopotea chini ndiyo iliyonivunja mkono juu.”

“Simu haikukosea,” Gawanya alimwambia Fasta. “Iligawanya ulichoiambia igawanye. Lakini nani anakanyaga zege? Mtu hukanyaga vigae.”

Fasta alikuwa akiitazama kofia yake. “Itabidi tuivunje yote,” akasema kwa sauti ndogo.

“Yote,” Gawanya akakubali, na hakulisema kwa huzuni.

“Kwa nini yote?” mjukuu akauliza. Bado alikuwa ameinamia karatasi. “Vipandio viko kumi na tano, maana hatua ya kumi na sita hutua kwenye sakafu ya juu. Tukiinua kila kimoja sentimita nne, hatua ya kwanza inakuwa kumi na nane. Ya mwisho nayo inakuwa kumi na nane. Za katikati zinainuka pamoja, hazibadiliki.”

Gawanya aliivuta karatasi, akaigeuzageuza, akaipitia kwa kidole kama anayetafuta mwiba. Miaka arobaini ya ngazi, na jambo lile halikumjia. Alitafuta pa kumkosoa, akapakosa.

“Andika vizuri hiyo nne,” akasema. “Inafanana na tisa.”

Barua haikutiwa sahihi. Mwalimu mkuu aliipiga mstari, akaandika kwamba mwanafunzi hana kosa, akagonga muhuri, na binti akarudi darasani siku iliyofuata. Mtihani aliufanya kwa mkono wa kushoto.

Ngazi haikuinuliwa. Fasta aliahidi kuirekebisha wakati wa likizo. Likizo ikaja, naye alikuwa mji mwingine akimwaga zege jingine. Shule ikapaka hatua ya mwisho rangi ya njano na kubandika tangazo la kuwataka watu waangalie. Hivyo ndivyo kazi inavyokwisha siku hizi: kosa hupakwa rangi, na anayeanguka huambiwa hakusoma.

Mara ya mwisho Gawanya kuwaona wanafunzi wale ilikuwa siku ya wazazi, mwaka uliofuata. Magoti hayakumruhusu tena kupanda, akabaki chini, mgongo ukutani. Kengele ikalia, wakapanda mbele yake, mamia, mjukuu wake kati yao akiwa amegeuka nyuma anapiga soga. Hakuna aliyetazama rangi ya njano. Kila mmoja alipofika juu aliinua goti zaidi, bila kuwaza, kama anayevuka kitu kilicholala njiani. Nyuma yao wakafuata wazazi, na mmoja baada ya mwingine, walijikwaa.