Bandi Nyekundu Siku ya Fainali

Fundi cherehani yule alikuwa na sauti mbili. Ya dukani ilikuwa ndogo na ya adabu, kwa sababu mdomo wake ulijaa pini. Uwanjani pini zilihamia kwenye ukosi wa shati, mdomo ukabaki huru, na hapo hakusalimika mtu. Kwa siku tatu za fainali ya kriketi, baina ya timu ya Reli, ambayo ndiyo timu yake, na wageni kutoka ng'ambo ya mto, alikuwa amewasema warushaji, wadakaji, nahodha, na mwamuzi ambaye kwa maoni yake hakuweza kutofautisha mpira na kitunguu.

"Umakini, jamani!" alifoka siku ya nne, siku ya mwisho, hata kabla wachezaji hawajamaliza kunyoosha viungo. "Mtu ukishika kazi, ishike!"

Pembeni yake alikaa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama wa watu aliyekuja na daftari lake na kuandika kila mkimbio kwa penseli. Walikuwa wameketi benchi moja kwa misimu kumi na miwili, na katika misimu yote hiyo mwalimu hakuwahi kumtazama usoni akimjibu.

"Fundi, punguza. Wanakusikia."

"Ndiyo ninachotaka, mwalimu."

Naye alijiona ana haki. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amekalia cherehani ileile, na hakuna mshono wake hata mmoja uliopata kurudishwa dukani umefumuka. Jambo hilo alilisema kwenye misiba, kwenye harusi na kwa watu waliomuuliza saa ngapi. Mkewe alikuwa amemzoea. Akianza tu, mama huyo huanza kutoa vyombo mezani. Lakini lilikuwa kweli, na ndilo lililompa usingizi mzuri kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho.

Mchezo wenyewe ulikwenda kwa kuumiza roho. Ilikuwa zamu ya Reli kupiga, nao wakawa wanaondoka mmoja mmoja kama watu walioitwa nyumbani. Kufikia alasiri walikuwa wamebaki wawili tu: nahodha, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi, na mchezaji wa mwisho kabisa, mrushaji wao mrefu aliyeitwa Ngongoti kwa ajili ya miguu yake. Akitolewa mmoja wao, kombe linavuka mto. Ili washinde ilihitajika mikimbio tisa, na mkimbio ni wapigaji wawili kukimbia na kubadilishana ncha.

Ngongoti alipoingia, gongo la kupigia mpira begani, fundi aligeukia benchi lote.

"Mnaiona suruali ile? Jana akirusha mpira alipiga msamba ikapasuka hapa katikati. Akaniletea jioni. Tazameni sasa! Ile atazikwa nayo."

Watu wakaitazama. Ilikuwa nyeupe pe. Ngongoti akainama kujiweka sawa, na mwalimu akainua uso kutoka kwenye daftari.

"Mbona kama ameumia yule kijana? Naona damu."

Fundi akachukua darubini. Akaiweka machoni, akaitoa, akaifuta kwa shati, akaiweka tena. Haikuwa damu. Ulikuwa uzi mwekundu, umepita katikati ya miguu ya Ngongoti toka mbele hadi nyuma, na mwisho wake ulining'inia kama urefu wa kidole.

Sasa, kila fundi ana utaratibu wake. Wa huyu ulikuwa hivi: kwanza hupiga bandi, yaani mshono wa mkono, mrefumrefu, wa kushikiza nguo tu ili isihame, na bandi yake huwa ya uzi mwekundu ili asije akaisahau. Kisha hupiga mashine, ndipo huchomoa ule mwekundu. Nguo yenye bandi hutundikwa msumari wa kushoto. Nguo iliyokwisha hutundikwa wa kulia, na binti yake anayekaa dukani humpa mwenyewe chochote kilichopo kulia bila kuuliza. Bandi haijatengenezwa kwa ajili ya mtu kutembea nayo, sembuse kukimbia.

Akapiga simu, mkono umefunika mdomo.

"Mwanangu, ile suruali nyeupe ulimpa yule kijana?"

"Nilimpa asubuhi, baba. Ilikuwa kulia."

"Una hakika kulia?"

"Kulia, baba. Kushoto palikuwa na kofia yako na darubini, vitu vyako vya mpirani. Si ulivitundika mwenyewe jana?"

Alivitundika mwenyewe. Alikumbuka sasa, moja baada ya nyingine: taarifa ya michezo redioni, haraka yake, msumari wa kushoto umejaa, akasema moyoni kwamba ataweka kulia kwa dakika tano tu. Jasho lilimtoka mahali ambapo hakujua kama mtu hutokwa jasho.

Nahodha alipiga mpira ukavuka mpaka wa uwanja, mikimbio minne bila mtu kukimbia. Benchi likalipuka. Fundi peke yake alikaa ameibana mikono katikati ya magoti.

"Umenyamaza," mwalimu akasema, akiandika. "Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Naangalia."

"Miaka kumi na miwili, leo ndiyo unaangalia."

Ikawa mikimbio mitano. Nahodha akainua mkono kuomba glovu nyingine, kwani zake zilikuwa zimelowa, na mchezaji wa akiba akapita mbele kabisa ya benchi lao akizikimbiza. Alipita karibu kiasi kwamba fundi angeweza kumshika mkono. Kwenye ukosi alikuwa na pini sita. Pini mbili tu zingetosha. Angesema, "Mwanangu, mpelekee Ngongoti hizi, mwambie ashikize katikati," na mambo yangekwisha kwa nusu dakika.

Lakini ili aseme, ilibidi asikiwe. Kulia kwake alikaa muuza duka aliyevaa suruali aliyoshona yeye. Mbele yake kinyozi, shati lake. Kule juu ndugu wawili wenye karakana ya baiskeli, makoti yao yote mawili. Benchi zima walimjua kwa maneno yake yaleyale ya miaka thelathini na mmoja. Akafungua mdomo, akasema, "Glovu safi hizo," na yule mchezaji akapita.

Aliona haya papo hapo, nasi tusimfiche: aliona haya, na bado hakumwita.

Nahodha alipiga tena, wakakimbia mara mbili. Fundi alifumba macho, akasubiri kusikia watu wakicheka. Hawakucheka. Alipofumbua, uzi ulikuwa umerefuka ukafika kama shubiri, lakini suruali ilikuwa nzima. Sasa ilibaki mikimbio mitatu.

Mpira uliofuata nahodha aliusukuma mbali, na mdakaji wa wageni aliyeufukuza akateleza, akaanguka kifudifudi. Mpira ukaendelea na safari zake. Uwanja mzima ukasimama. Mitatu ilikuwepo pale, ya kukimbia tu, hata kwa watu wazima wenye vitambi. Wakakimbia wa kwanza. Wakageuka wakimbie wa pili, na Ngongoti sasa akawa anakuja moja kwa moja upande wa benchi lao, anatupa miguu ile mirefu, na kila hatua uzi mwekundu ukipunga mbele yake.

Fundi hakuamua. Sauti ilitoka yenyewe, sauti yake ya uwanjani, iliyofanyiwa mazoezi siku tatu.

"Simama! Usikimbie! Simama hapohapo!"

Katika kriketi wapigaji wawili huitana, mmoja humwambia mwenzake aje au abaki, na mchezaji mwenye nidhamu haulizi ni kwa nini. Ngongoti alikuwa na nidhamu. Alisimama katikati ya njia, mguu mmoja mbele, akatazama huku na huku kumtafuta aliyemwita. Mdakaji wa pili aliuokota mpira, akautupa kwenye vijiti vya ncha aliyokuwa akiikimbilia Ngongoti, vikaanguka kabla hajafika, na hivyo ndivyo mtu anavyotolewa. Reli walikuwa wameshindwa kwa mkimbio mmoja.

Kinyozi akageuka.

"Nani amepiga kelele ile?"

Vichwa vyote vikamgeukia fundi. Muuza duka, ambaye alikuwa mtu wa huruma, akamshika bega.

"Mwacheni mzee. Alidhani mpira umeshafika, akataka kumwokoa kijana. Si ndivyo, fundi?"

Ndilo lilikuwa tundu la kutokea, tena limefunguliwa kwa mkono wa mtu mwingine. Ilibidi aseme ndivyo tu. Wangemcheka mwezi mzima kwamba hajui kriketi, basi. Ushonaji wake usingeguswa.

Wakati huohuo Ngongoti akafika mbele ya benchi, macho mekundu.

"Nisameheni," alisema. "Kosa ni langu. Nilisikia sauti, nikadhani ni nahodha. Nimewaangusha wote."

Nyuma yake nahodha alikuwa anatoka uwanjani bila kumtazama. Ngongoti alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na alisema maneno yale kama mtu aliyejiandaa kuyasema maisha yake yote. Hapo fundi hakuweza tena. Akapanda juu ya benchi.

"Kosa si lako, mwanangu. Aliyekusimamisha ni mimi, na mpira niliuona vizuri, ulikuwa mbali. Niliogopa suruali. Sikuipiga mashine. Umevaa bandi tupu. Niliogopa itafumuka mbele ya watu, wajue ni mimi."

Ngongoti alimtazama asielewe.

"Huu uzi mwekundu? Mimi nilifikiri umeniwekea rangi ya timu."

"Ni wa kushikiza tu."

"Lakini mzee, imenishika siku nzima! Tazama basi," akasema Ngongoti, na kwa wema kabisa, ili kumwondolea mzee aibu, akatanua miguu yake yote miwili.

Ilisikika hadi kwa mwamuzi. Kilichokuwa suruali kikawa mirija miwili ya nguo isiyojuana. Wageni, waliokuwa wamebeba kombe juu, walilishusha ili watazame vizuri. Ngongoti aliangalia chini, akaangalia juu, midomo ikamcheza, kisha akaanza kucheka, na nahodha kule mbali akageuka, akaona, akakaa chini kabisa majanini akicheka ameshika tumbo.

Fundi alisubiri benchi nalo licheke. Halikucheka. Kinyozi alikuwa ameinua kwapa anakagua shati lake. Muuza duka, polepole, alipeleka mkono nyuma akapapasa. Wale ndugu wawili wa karakana walivua makoti yao, wakayageuza ndani nje, mmoja akisoma la mwenzake. Kisha watu wakaanza kuondoka, taratibu mno, hatua fupifupi, magoti yamebanana.

Fundi alishuka kwenye benchi, akakaa. Sasa ilibaki sauti ya dukani peke yake. Mwalimu alikuwa amefunga daftari lake lakini hakuinuka.

"Huendi, mwalimu?"

Kwa mara ya kwanza katika misimu kumi na miwili mwalimu akamtazama usoni.

"Sketi hii umenishonea wewe, mwezi uliopita."

"Ile niliipiga mashine mara mbili, mwalimu. Nakuapia."

"Nakuamini," alisema mwalimu, akaibana vizuri sketi yake kwa mikono miwili. "Lakini acha kwanza watu wapungue."