Mtoto wa Marekani Aliyekwama Mlangoni

Kosa langu la kwanza katika kujifundisha Kiingereza lilikuwa kukataa kuvuka neno nisilolijua. Nilikuwa nimemaliza la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, na nilijiona nimeshachelewa maisha. Katika maktaba ndogo ya misheni pale Ifakara kulikuwa na rafu ya vitabu vya watoto kuhusu utoto wa Wamarekani waliokuja kuwa watu wakubwa. Sista aliyeitunza alikuazima kimoja kwa wiki mbili. Ukitaka cha pili, ulimsimulia kwanza cha kwanza. Nami nilivitaka vyote.

Ulikuwa msimu wa kuwinga ndege. Nilikaa na bibi juu ya dungu katikati ya mpunga, kombeo pembeni, kitabu mkononi, kamusi mapajani. Siku ya kumi nilikuwa ukurasa wa nne.

"Huyo mtoto wako wa Marekani amefika wapi?" bibi aliuliza.

"Bado yuko mlangoni, bibi."

"Tangu juzi? Kwao hawana viti?"

"Ameshika kitu, jina lake halimo kwenye kamusi."

"Anakifanyia nini?"

Nilichungulia picha ya mbele. "Anakipanda, kinateremka kilimani juu ya barafu."

"Basi ni mtumbwi. Mpandishe ateremke, ndege wanatumalizia mpunga."

Niliona aibu kama mtu aliyeiba, lakini nilimpandisha. Mtumbwi uliteremka, ukavunja uzio wa jirani, mama yake akamfokea kurasa mbili nzima.

"Mama huyo ni wa hapa kwetu Lumemo kabisa," bibi alisema, akacheka hadi dungu likatikisika. Tulimaliza kitabu kwa siku tatu, yeye akiuliza, mimi nikikisia, wote wawili tukipiga kelele za kufukuza ndege kati ya sentensi.

Jumamosi nilisimama mbele ya Sista, nikaanza kusimulia. Nilipofika kwenye barafu alinikatiza.

"Mtumbwi?"

"Ndiyo, Sista. Wa mbao. Hauna kasia."

Alifunika mdomo, mabega yakamtetemeka. Kisha akauliza, "Na uzio, nani aliutengeneza?"

"Mtoto mwenyewe. Alianza upya mara tatu."

"Umekisoma," alisema, akanisogezea daftari la kuazima.

Nilichukua kinene kuliko vyote. Mpaka leo naogopa kukosea, lakini kitabu nikikianza, nakimaliza.