Kapu la Mwalimu Felista

Harufu ya udongo mbichi ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Si ile harufu nzuri ya mvua za mwanzo, inayomfanya mtu asimame mlangoni akivuta pumzi. Hii ilikuwa nzito, ya ardhi iliyofunguka. Iliingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo, ikakaa kwenye sare na madaftari yetu masika yote ya mwaka niliokuwa darasa la tano. Shule yetu ilikuwa juu kabisa milimani Uluguru, mahali ambapo mteremko ulikatwa ili upatikane uwanja. Nyuma ya madarasa ardhi ilipanda wima, na mashamba ya maharage na migomba yalining'inia juu ya mabati yetu. Mvua ilinyesha wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nguo hazikukauka. Bibi yangu, aliyenilea, aliacha kwenda shambani akawa anakaa jikoni akisuka ukindu na kuusikiliza mlima.

Mwalimu wetu wa darasa aliitwa Felista, mwanamke mfupi aliyetoka Morogoro mjini, asiyependa kupandisha sauti. Mimi nilifika darasa la tano bila kujua kusoma. Nilikuwa nakariri kurasa nzima kwa kuwasikiliza wenzangu, na walimu wote waliotangulia niliwadanganya. Yeye aligundua siku ya tatu. Hakuniaibisha. Kila jioni aliniketisha barazani kwake, akanifundisha silabi kwa silabi huku akichambua mboga, hadi siku moja nikamsomea barua ya mjomba bila kukwama. Bibi alilia aliposikia. Tangu siku hiyo akaanza kumsukia Mwalimu kapu.

Masika hayo Mwalimu Felista aliona ufa. Ulikuwa juu ya vyoo vya shule, mrefu, mwembamba, umejificha kwenye majani. Alipigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, na kila asubuhi kabla ya kuitwa namba mstarini alipanda pale na rula ya ubaoni kupima nafasi kati yake. Tulimtazama kutoka uwanjani. Alikuwa akishuka, anaandika kitu kwenye daftari dogo, kisha anaingia darasani na kutufundisha hesabu za sehemu kana kwamba hakuna kitu. Lakini tuliona kwamba mwanzoni rula ililala vizuri juu ya vijiti vyote viwili, na baadaye haikufika.

Alimweleza Mwalimu Mkuu. Nilikuwa nafagia ofisini siku hiyo.

"Mwalimu, mlima huu nimezaliwa juu yake," Mwalimu Mkuu alimjibu, bila ukali. "Na Ijumaa tuna wageni. Wazazi wenyewe wameomba kuja kuwashukuru walimu. Nitawaambia nini?"

"Waambie tutafanyia kanisani."

"Tutaona baada ya likizo."

Ijumaa hiyo mvua ilikuwa imekatika. Jua lilitoka, na watu wakaona ni baraka. Nilishuka kutoka nyumbani nikiwa nimebeba kapu la Bibi: ndani yake mayai yaliyofunikwa maharage yasivunjike, matunda damu, na karatasi tuliyoandika majina ya darasa zima, la kwangu likiwa refu kuliko yote kwa sababu niliandika hadi jina la ukoo. Nililificha chini ya dawati ili Mwalimu asilione kabla ya wakati.

Aliingia, tukasimama, tukamwamkia. Akaitikia, kisha akatazama miguu yetu.

"Leo mbona hamjalowa? Mmevukaje mto?"

"Hauna maji, Mwalimu," tulijibu kwa furaha. "Tumepita tu."

Sijawahi kusahau uso wake. Alisimama akisikiliza, nasi tukasikiliza, na ndipo tulipogundua kwamba ule mvumo wa mto tuliouzoea tangu kuzaliwa haukuwepo. Mto uliokuwa umefurika jana ulikuwa kimya. Maji yote yale yalikuwa yamezuiwa mahali fulani juu yetu.

Alitoka akapiga kengele, ile rimu ya gari iliyoning'inia mwembeni, akaipiga bila kupumzika. Wageni walikuwa bado hawajafika. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini akiwa amevaa suti ya sherehe, akamfokea. Mwalimu Felista hakumjibu. Alituamuru tushikane mikono, akatupandisha kwenye njia ya kanisani, kwenye mgongo wa mlima, darasa baada ya darasa.

Katikati ya njia nilikumbuka kapu. Nilijitoa kwenye mstari nikarudi mbio.

Nilikuwa nimeinama chini ya dawati niliposikia mngurumo, kisha sauti yake mlangoni ikiita jina langu. Alinishika mgongoni akanitupa nje ya dirisha. Nilianguka kwenye nyasi, nikainuka, nikakimbia. Nilipogeuka, darasa letu halikuwepo. Kulikuwa na tope linalotembea, na mabati yakikunjwa ndani yake.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyemfukua, kwa mikono, suti yake ikiwa haitambuliki, akisema, "Nisamehe, Mwalimu, nisamehe." Mwalimu Felista alikuwa hai. Boriti ilikuwa imeusaga mguu wake wa kulia. Walimbeba kwa machela hadi barabarani, na hospitalini mjini wakaukata.

Bibi aliniuliza nilirudi kufuata nini. Nikasema daftari. Habari ikaenea kijiji kizima: mtoto aliyependa masomo hata akahatarisha maisha. Padri aliitaja kwenye mahubiri. Nilinyamaza, na kunyamaza huko kukanifuata hadi sekondari, hadi kazini, hadi nikawa na mtoto.

Mwaka jana nilimtafuta Mwalimu Felista. Anaishi Mzumbe kwa binti yake, na bado haongei kwa sauti. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikamwambia ukweli kuhusu kapu.

"Kapu au daftari, ningekuja tu," alisema. "Lakini ungeniambia, mwanangu. Nimewasimulia watoto wengi habari ya daftari lile."

Tulikunywa chai. Nilipoaga alinishika mkono, akachelewa kidogo kuuachia.

Siku hizi naishi mjini, chini ya mlima uleule, na binti yangu yuko darasa la tano. Kwenye simu, kundi la wazazi linapanga keki na vitenge kwa ajili ya siku ya walimu, na ni jambo zuri. Sisi wakati ule tulikuwa na mayai na maharage. Lakini siku ile juu kule, kama mtu mzima mmoja angemwamini Mwalimu wetu mapema, Mwalimu angekuwa na miguu yote miwili leo. Hiyo ndiyo shukrani aliyoihitaji, na hatukumpa.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilikwenda shuleni kwa binti yangu, nikamkuta mwalimu wake peke yake darasani. Nikamuuliza kama kuna jambo lolote linalomtia wasiwasi. Alinitazama kwa mashaka, kisha akanionyesha ukuta wa nyuma, mahali maji yanapotokea chini hata siku za jua.

"Nimeshaandika barua mbili," alisema. "Hakuna aliyenijibu."

"Ya tatu tuandike wote," nilimwambia.

Akanivutia kiti.